Kinga bora ni ipi? Waliozifunga chumbani wangoje kwanza

UVIRA – Jumapili mchana, watu wakitoka misa na ibada, ubishi uleule huanza tena chini ya miembe ya Mulongwe na mbele ya mafundi wa barabara ya Kavimvira. Kinga gani ya zamani ndiyo mfalme? Wenye Raleigh wanakaa kifua mbele. Wenye Humber wanacheka taratibu kama watu wenye siri. Mwenye BSA anafuta vumbi kwenye chapa yake kwa kitambaa cha miwani. Wenye Phoenix wanapiga kelele kuliko wote, kwa sababu ndio wengi na kwa sababu ndio wanaodharauliwa. Hakuna anayepigana. Anayeshindwa hoja ananunua soda, au kitu kingine kisichotajwa siku ya Jumapili.

Ni ubishi mzuri. Katika mji ambako mazungumzo mengine yote yanaishia kwenye vita, bei ya unga, na nani amefika jana akiwa na godoro kichwani, kubishana juu ya chuma kilichotengenezwa kabla hujazaliwa ni mapumziko. Mtu asiuue ubishi huo. Lakini mizani yake ni mbovu, na mizani mbovu imeanza kuumiza watu. Wanaoumizwa ni wale wasioitwa kukaa kwenye benchi: familia zilizokimbia, fundi wa kando ya njia, na mama anayemlipa msukuma kinga amfikishie gunia la muhogo sokoni.

Kwanza chapa zenyewe, maana majigambo yote yanajengwa hapo. Raleigh ilizaliwa Nottingham, Uingereza, baada ya Frank Bowden kuchukua karakana ndogo ya mtaa wa Raleigh mwaka 1887 na kuikuza mpaka ikawa kiwanda kikubwa. Alama yake ni korongo. Ukitazama vizuri gurudumu la meno, lile linalozungushwa na pedali, utaona vichwa vya korongo vimechongwa ndani ya chuma. Humber ni ya zamani zaidi, na uma wake wa mbele una mirija miwili kila upande. Kwenye gurudumu lake la meno wamo watu watano wadogo wa chuma. Rudge ina mkono uliofunguliwa. BSA ina bunduki tatu zilizosimamishwa zikiegemeana, kwa kuwa herufi hizo ni za Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 na watengeneza bunduki wa Birmingham. Anayejivunia alama hiyo mbele ya watu waliokimbia milio ya bunduki angefikiri mara mbili, lakini chuma cha BSA ni kizuri, hilo halina ubishi.

Sasa wazee wakae vizuri kwenye benchi. Mwaka 1932 Raleigh iliinunua Humber ya baiskeli. Mwaka 1943 ikaichukua Rudge. Mwaka 1957 ikachukua na baiskeli za BSA. Maana yake ni kwamba Humber ya mwaka 1955 na Raleigh ya mwaka 1955 zilitoka mikononi mwa wafanyakazi walewale, ndani ya kiwanda kilekile cha Nottingham. Tofauti ni uma, rangi, na mapambo ya gurudumu la meno. Papa wa Raleigh na papa wa Humber waliotaniana miaka hii yote, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba kinga yake ni ya wapishi, wamekuwa wakitukanana watoto wa tumbo moja. Mwenye BSA ya kabla ya mwaka 1957 ndiye peke yake anayeweza kusema kwamba yake ilitoka nyumba nyingine. Na aseme kwa sauti ndogo, maana nyumba yenyewe ilikuwa ya bunduki.

Kisha linakuja neno «Uingereza», linalotamkwa kwenye benchi kama vile ni jina la dawa. Siyo kila Raleigh iliona Nottingham. Zipo zilizotengenezwa India, katika kiwanda cha Sen-Raleigh kule Asansol, na nyingine zilitoka kwingine ambako jina lilipelekwa na mashine zikafuata. Anayetaka kujua ukweli wa yake asisome jina kubwa kwenye bomba. Asome maandishi madogo. Kama ina habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer, mara nyingi mwaka na mwezi wa kutengenezwa vimegongwa kwenye chuma cha habu yenyewe, chini ya grisi iliyoganda. Ikwangue, soma, halafu rudi kwenye benchi. Na Nottingham yenyewe iliacha kuunda Raleigh mwaka 2002. Anayesubiri nyingine mpya ya namna ile kutoka kule atasubiri sana.

Juu ya magurudumu hakuna anayesema kitu, na hapo pangepaswa kusemwa mengi. Kinga ya chuma haikuwa na raha yoyote mpaka John Boyd Dunlop alipopata haki ya mpira wa kujazwa upepo, kule Belfast, mwaka 1888. Ulaya yote ikataka kuendesha, na Ulaya yote ikataka mpira. Hiyo ndiyo miaka ambayo nchi hii ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kuanzia 1885 hadi 1908, na mpira wa porini uliotolewa kwa kiboko, kwa kufungiwa wake na watoto, na kwa mikono iliyokatwa, ulipakiwa melini kwenda Antwerpen. Mababu wa Equateur walilipa kwa miili yao raha ya watu ambao hawakuwahi kuwaona. Hilo siyo sababu ya kuichukia kinga. Ni sababu ya kuacha kuzungumza juu yake kana kwamba ustaarabu wote ulio ndani yake ulitoka Nottingham na kwamba Afrika ililetewa tu zawadi.

Mara chache anatokea mgeni kutoka Bukavu mwenye Peugeot, anayetaja wepesi na urembo wa Kifaransa. Huyo naye akumbushwe jambo moja. Mwaka 1954, kule Dien Bien Phu, Wavietnamu walipakia baiskeli, Peugeot zikiwemo, mizigo ya zaidi ya kilo 200, wakafunga mti kwenye gidoni, wakazisukuma kwa miguu milimani mpaka jeshi la Ufaransa likashindwa. Kinga ya Mfaransa ilimshinda Mfaransa, kwa sababu ya waliokuwa wakiisukuma. Msukuma kinga wa Kasai anayetembea siku nyingi na mti uleule kwenye gidoni, akibeba mafuta ya mawese na chumvi, angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

Baada ya hayo, dharau kwa Phoenix na Hero inabaki imesimama juu ya nini? «Kinga ya Wachina itakufia njiani, papa.» Hivyo ndivyo anavyoambiwa kila mwenye Phoenix. Lakini aliyetunga sentensi hiyo hajatazama kinga yenyewe. Phoenix ya Shanghai, na Flying Pigeon ya Tianjin iliyoanza mwaka 1950, zinafuata umbo lilelile la Kiingereza: magurudumu makubwa ya inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, kiti cha springi, bomba la juu lililonyooka. Mtoto amefanana na baba, na baba anamkana. Ni kweli kuna Phoenix mbovu sokoni, chuma chepesi, rangi inayobanduka kabla ya mvua ya pili. Kuna pia zinazopanda na makala tangu alfajiri, miaka mingi, na mwenye nayo hana hata muda wa kuja kubishana Jumapili.

Hero inastahili kusimuliwa polepole, hasa kwa wale waliofika hapa bila kitu. Ndugu wa ukoo wa Munjal walianza kwa kuuza vipuri vya baiskeli huko Amritsar. India ilipogawanywa mwaka 1947, mamilioni ya watu wakakimbia huku na huku, wengi wakiuawa njiani, na vurugu hizo zikawasukuma ndugu hao kuhamia Ludhiana. Hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na ujuzi wa vipuri: cheni inakaaje, uma unapindaje, kitu gani kinavunjika kwanza. Mwaka 1956 wakaanza kuunda baiskeli nzima chini ya jina la Hero. Mwaka 1986 kitabu cha rekodi cha Guinness kikawataja kuwa watengenezaji wakubwa kuliko wote wa baiskeli duniani. Kwa hiyo, papa wa Raleigh anapoicheka Hero ya kijana aliyekimbia kutoka nyanda za juu, anaicheka kinga iliyoundwa na watu waliosukumwa na vita kutoka mji mpaka mji, mbele ya mtu mwingine aliyesukumwa na vita. Na huyo kijana hajui hata kwamba ana jibu la kumpa.

Hapo ndipo utani unapoacha kuwa utani, kwa sababu kijana huyo, mara nyingi, ndiye anayeuza.

Jambo hili linajulikana mtaani, lakini halisemwi kwenye benchi. Familia inapofika kutoka kijijini, kinga ndiyo mali ya mwisho yenye thamani. Ilibeba godoro, sufuria, bidoni, bibi asiyeweza kutembea, na mtoto amekaa mbele kwenye bomba. Wamefika, watoto wana njaa, aliyewapokea ana watoto wake. Wiki haijaisha, kinga inatolewa nje. Wanaokuja kuitazama ni akina nani? Ni wakusanyaji. Anakuja mtu mwenye jicho la kutambua korongo chini ya kutu, anayejua vizuri kwamba alichokishika ni Raleigh ya kweli. Anakohoa, anatikisa kichwa, anasema «hii ni chuma tu, mama», na anatoa bei ya unga wa siku chache. Jumapili inayofuata kinga imeoshwa kwa mafuta ya taa, imepakwa vaselini, imepata sifa ya benchi zima. Hakuna anayeuliza ilikotoka.

Mtu anayesema uongo juu ya thamani ya kitu ili akinunue kwa mwenye njaa hastahili kuitwa mpenda kinga. Hata kama anajua tarehe zote za Nottingham.

Wakusanyaji wana jibu lao, na jibu hilo halikosi ukweli. Wanasema: tusiponunua sisi, ananunua mtu wa vyuma chakavu, anayepima kwa kilo. Fremu iliyodumu miaka sitini inakatwa, inatupwa ndani ya lori, inakwenda kuyeyushwa iwe chuma cha kujengea. Ni kweli. Humber kadhaa zilizobaki Uvira zipo kwa sababu mzee mmoja au mwingine alikataa ziende kwenye mizani. Wanasema pia kwamba wao ndio wanaowapa kazi mafundi wa zamani, wale wanaojua kunyoosha gurudumu kwa jicho na kidole bila mashine. Hilo nalo ni kweli, kiasi.

Lakini sasa aulizwe fundi mwenyewe. Atasema kwamba shida yake kubwa na kinga za zamani ni vipuri, na kwamba vipuri vimelala kwenye makabati ya wakusanyaji. Kinga za Nottingham zina ugonjwa mmoja wanaoujua wenye mikono yenye grisi: uzi wa parafujo zake, pale ekseli ya pedali inapoingia kwenye fremu na pale gidoni inapozungukia, umekatwa meno 26 kwa inchi, wakati wengine wengi wanakata 24. Kikombe cha kinga nyingine kinaingia mizunguko miwili, kinakwama, na fundi asiyejua anakilazimisha kwa nguvu mpaka anaharibu fremu nzima. Kwa hiyo kikombe kimoja cha zamani cha Raleigh ni uhai wa kinga nzima. Na kikombe hicho kiko wapi? Kimo ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati la mtu mwenye kinga tatu ambazo hazijaona barabara tangu mafuriko ya Aprili 2020. Anakiweka «kwa siku moja». Huku mwenzake anayebeba mchele kutoka Sange anasukuma kinga iliyokufa, kilomita baada ya kilomita, na kwenye kila kizuizi anaombwa pesa kama mwenye lori.

Kukusanya si dhambi. Kulimbikiza vipuri ambavyo mwingine anavihitaji ale ni jambo jingine, na benchi la Jumapili limekuwa likiyaita yote mawili kwa jina moja.

Halafu hata kama mtu anataka heshima tu, heshima ya kinga haikuwahi kutoka kabatini. Kisangani, miaka ile vita ilipokata njia na mafuta ya magari yakakosekana, mji ulibebwa na toleka, neno la Kilingala la kusema «tupite». Wanafunzi, wagonjwa, wafanyabiashara, wajawazito, wote nyuma ya kiti, kwenye mto ulioshonwa kwa kitambaa cha rangi. Hakuna mtu wa Kisangani aliyemwuliza dereva wa toleka kama fremu yake ni ya Nottingham au ya Shanghai. Waliuliza kama itafika. Hapa Uvira swali ni hilohilo tangu zamani, kwenye uwanda wa Ruzizi ambao Mungu aliutandaza kama meza kwa ajili ya kinga: itafika au haitafika, ikiwa na gunia, ikiwa na mtu nyuma, jua la saa saba likiwaka.

Wakusanyaji wa Uvira wana njia ya kufanya vizuri, na siyo ngumu. Anayenunua kinga kwa familia iliyokimbia anunue mchana, mbele ya shefu wa avenue au mashahidi wawili, kwa karatasi yenye namba ya fremu. Karatasi hiyo itamlinda na yeye pia, maana kinga za wizi nazo zinapita humo humo. Bei iwe ileile ambayo angemwuliza papa mwenzake wa benchi. Na muuzaji aachiwe muda unaojulikana, miezi sita kwa mfano, wa kurudisha pesa na kuichukua kinga yake akipata nafuu. Mkusanyaji atasema hiyo si biashara. Kumbe hata yeye mwenyewe husema kila Jumapili kwamba hafanyi biashara, anatunza urithi. Basi autunze na kwa ajili ya mwenyewe.

Vipuri vilivyo kwenye makopo navyo vishuke. Vikae kwa fundi mmoja anayeaminiwa na pande zote, viandikwe kwenye daftari, vitoke kwa anayefanya kazi kabla ya anayepamba. Mwenye kinga tatu aweke moja barabarani, imkodishie kijana anayehitaji kuanza upya. Mafundi wazee wapewe vijana wawili watatu wa waliokimbia, wafundishwe uzi wa 26 na wa 24, kunyoosha gurudumu, kubadilisha pini za pedali bila kuziponda kwa nyundo. Hakuna shirika linalohitajika kuja na magari meupe kwa jambo hili. Funguo zinatosha.

Na ubishi uendelee, jamani, uendelee, ila upimwe mahali pake. Wenye Raleigh, Humber, BSA, Phoenix, Hero, na yule wa Peugeot wa Bukavu akipenda, wapange siku moja, wapakie kila mmoja gunia la kilo 50 la muhogo lililopimwa kwenye mizani ya soko la Mulongwe, wapige mwendo mpaka Kavimvira na kurudi. Anayeharibikiwa njiani atengeneze kwa alichonacho mfukoni. Waamuzi wawe akina mama wa soko, wanaolipa wasukuma kinga kila siku na wanaojua kuliko mtu yeyote ni kinga ipi hufika na ipi hurudishwa na mvulana analia. Muhogo wote, ukishafika, ugawiwe kwa familia zilizolala kwenye shule na makanisa. Rangi isihesabiwe. Na chapa zote, korongo, bunduki, watu watano na ndege wa Shanghai, zifunikwe kwa plasta mpaka gunia la mwisho lishushwe.